Homa ya Dunguni

Mdogo wangu wa kike ana miaka sita na hajawahi kuniita kaka. Kutwa anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Kipaza sauti cha msikiti kikilia, anaziba masikio na kupiga yowe. Shangazi, dada yake baba, anasema mashetani ya mto yalimpata tumboni, kwa vile mama alikataa hirizi yake. Mama huwa anaosha vyombo tu.

Kwa hiyo siku mwalimu wetu wa baiolojia hapa Kibiti alipoacha Kiingereza chake akaeleza kwa Kiswahili, nikasikiliza, jambo la ajabu. Ubongo wa mtoto aliye tumboni, alisema, una seli zake za kinga. Kazi ya seli hizo si kupigana na vijidudu tu. Zinapita zikiondoa viunganishi vilivyozidi, kama tunavyopunguza miche ya mpunga iliyosongamana. Mama akiugua homa kali, huenda zikashtuka, zikang'oa pasipostahili. Mtoto anazaliwa mzima, tabia zinakuja kubadilika baadaye.

"Huenda," alirudia. "Wataalamu bado wanachunguza."

"Mwalimu, huyu anayekaa nyuma yangu zilimng'olea shamba zima?" nikadakia.

Darasa hoi kwa kicheko.

Nyumbani nikammwagia shangazi somo zima mbele ya ugali. "Ni homa, shangazi. Mashetani yako yapumzike."

"Mdomo huo utakuja kukuponza."

Mama aliacha kula. "Homa gani?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Ujauzito ule wa mdogo wangu ulimkuta mama bondeni, juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunakohamia msimu wa mpunga. Homa ilimshika hadi akawa anaongea peke yake. Baba alitaka kumpeleka zahanati, akagoma. Mpunga ulikuwa unaiva. Akishuka, nani awafukuze ndege? Ulipovunwa ndio akashuka.

"Ningeshuka mapema, mdogo wako angesema?"

"Mwalimu kasema huenda tu, mama."

"Kamuulize."

Sijamuuliza. Akinijibu ndiyo, nitarudije na hiyo ndiyo? Kila nikitoka shule mama ananiuliza, nami kwa mdomo wangu nimeshamsafirisha mwalimu hadi Nyamwage, nimemlaza kitandani kwa malaria, juzi nikamzikia mjomba.

Jana hakuniuliza. Aliendelea na vyombo vyake.

"Kesho mpe pole mwalimu wako," akasema. "Amepata misiba mingi."