Jina Ambalo Mama Hakuliandika

Juzi simu ya mke wangu iliita mezani, nikaona amemhifadhi baba yangu kwa neno moja tu: Mzee. Nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Malava, mvua ikipiga mabati na harufu ya mahindi ya kuchemsha ikijaa sebuleni.

Kuka, ndivyo tulivyomwita babu yetu mzaa baba, alikuwa amefariki. Baba alikuwa Nairobi akichapisha programu ya mazishi, na picha nzuri ya Kuka ilikuwa nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu ambayo Baba aliigeuza kuwa seva, ghala la picha za familia linalofikiwa hata kutoka mbali. Kila alipojaribu kuingia kutoka huko, ilimkataa.

"Mama Brian, si ulifungua akaunti kwa jina la mzee vile nilikuambia?" aliuliza kwenye simu.

"Nilifungua."

"Basi mbona inakataa? Hebu zima uwashe tena."

Mama alizima, akawasha. Akachomoa waya, akaurudisha. Ilikataa. Mwishowe akanipa simu bila kuniangalia.

"Mwambie aandike 'mzee'. Hivyo tu."

Nilidhani amelisahau jina la Kuka, nikamnong'onezea. Akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonukia sabuni. Sikujua kwamba mke aliyeolewa kwetu hatamki jina la baba mkwe, na kumbe hata vidole vyake vilikataa kuliandika.

Nilipomwambia, Baba aliingia mara moja. Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Taa ndogo ya kompyuta ikaanza kumetameta, picha ikisafiri, na Mama akaisimamia, mikono ameikunja, mpaka Kuka alipofika Nairobi.