Mchezo wa Swedi Usio na Mshale

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na cha Swedi vilitenganishwa na ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi, ndiyo maana najua habari za michezo ya kompyuta kuliko inavyompasa mwanamke wa umri wangu. Sikuomba kuzijua. Mikono yangu ilikuwa kwenye mapindo ya magauni, masikio yalikuwa kwa Swedi.

Swedi alikuwa dereva wa basi dogo la kutoka kwetu Rumonge kwenda Bujumbura. Mwaka 2003, karibu na Kabezi, basi lake lilimiminiwa risasi kutoka migombani. Konvoyeri wake, yaani konda, Modeste, baba wa watoto wawili, mtu wa kijiji cha Gatete aliyesimama mlangoni siku zote akiita abiria kwa majina yao, aliangukia barabarani. Swedi hakusimama. Angesimama, wangekufa wote. Alifikisha abiria waliobaki, akampa mwenye gari funguo zake, na tangu siku hiyo hakugusa usukani.

Baadaye shemeji yake wa Kigoma alimletea kompyuta iliyotumika, na ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu. Swedi akapanga mabenchi, akatundika pazia, akakiita chumba sale, ukumbi wa kuchezea. Watu walimcheka kwanza, kisha wakaanza kuingia.

Katika mchezo ule wewe ni msafiri. Unashushwa peke yako katika nchi ya mabwawa na majabali, huna kitu ila kisu cha kumenyea viazi, na hakuna anayejali uende wapi. Ukitaka kufika mahali lazima uulize watu. Mchezo uliandikwa kwa Kifaransa, Swedi akausoma kwa sauti na kuugeuza Kiswahili: fuata mto mpaka kwenye mnara ulioanguka, pinda upande jua linakotua, ukiona moshi umepotea. Basi, hapo benchi zima linaanza kubishana.

Kubishana hivyo hatukuhitaji kufundishwa. Miaka yote ile ya vita hakuna mtu wa Rumonge aliyeondoka kwenda Bujumbura au Nyanza-Lac kabla hajawauliza wanaotoka huko. Na huulizi mmoja. Unauliza watatu, halafu unapima nani ameona kwa macho yake, nani amesikia kwa jirani, na nani anataka tu usiende ili apate wa kunywa naye chai. Mchezo ule ulikuwa hivyo hivyo. Wengine ndani yake walidanganya, wengine walisahau, na wewe ulilipia.

Kiongozi wa safari alikuwa mama Cibalonza, mwuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyehama kutoka Kivu ya Kusini, Kongo. Hakuwahi kushika kipanya hata siku moja. Alikaa nyuma ya Swedi, beseni lake tupu miguuni, akiamuru.

"Ule muzee wa daraja asikudanganye, papa Swedi. Anasema bya kusikia. Uliza ule mwanamuke wa chumvi, yeye anatokaka kule."

Na mara nyingi alikuwa sahihi, jambo lililoniudhi.

Mwaka 2008 Aristide akafungua sale yake ng'ambo ya barabara, kompyuta mpya mbili, na ndani yake mtoto wa mchezo ule ule, yaani toleo jipya lililotoka miaka baadaye. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Majani yaliyumba kwa upepo, watu walikuwa na sauti zao. Na juu ya kioo palikuwa na mshale uliokuonyesha pa kwenda toka mwanzo mpaka mwisho. Wateja wa Swedi wakavuka barabara kama kuku waliotupiwa mtama. Akabaki na mama Cibalonza, na mimi siku nilizokosa vitambaa vya kushona.

Mwezi wa nne mapigano yakaanza tena upande wa Kabezi. Dereva wa lile basi akatoroka, na mwenye gari akaja moja kwa moja kwa Swedi. Nilisikia kila neno.

"Sale yako iko inakufa. Usukani unakungoja. Unipe jibu siku ya Ijumaa."

Swedi alisema tu, "Nimesikia, patron."

Alipoondoka niliingia nikiwa nimewaka. Nilimwambia, kaka Swedi, weka huo mchezo mpya, watu warudi, na barabara uwaachie wenye roho mbili. Akanijibu kwamba kompyuta yake haina nafasi ya michezo miwili, na kuuweka mpya ni kuufuta wa zamani. Nikamwambia futa. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia auze mtoto.

Alhamisi alimwita Aristide aje kumwonyesha mchezo mpya. Aristide si mtu mbaya. Alivusha mashine yake moja akaiwasha pale bila kinyongo. Mama Cibalonza akasogeza benchi.

"Mama, ni rahisi," Aristide akasema. "Ufuate tu ule mushale."

"Nani ameuweka?"

"Ni mchezo wenyewe."

"Mimi niliuliza njia?"

"Hapana, mama. Unakuonyesha tu."

"Mutu anakuonyesha njia na haukumuuliza," mama Cibalonza akasema, "huyo anajua nani anakungojea mbele. Papa Swedi, geuka. Tupitie kule kwingine."

Swedi akageuka. Mshale nao ukageuka. Mama Cibalonza akapiga goti lake: "Unaona? Unatufuata!" Wakaingia majanini, wakazunguka kilima, wakajificha nyuma ya mwamba, mshale hauwaachi. Aristide alitokwa na jasho akieleza kwamba ni msaada, ni msaada tu. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu, na nilikuwa sijacheka tangu mapigano yarudi.

Swedi peke yake hakucheka. Alizima kioo.

"Aristide, ndugu yangu, huu ni muzuri kwa macho. Lakini ule wa zamani unaushinda mbali. Kule ukifika mahali, umefika weye. Umeuliza, umekosea, umerudi, sasa unapajua. Huku unafikishwa kama kifurushi. Na kule ukiua mutu wa maana, iko amekufa. Mashine inakuambia umekata kamba, uendelee kama unataka, lakini hadisi haitaisha tena. Inakuheshimu. Haikufichi kitu." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Sasa futa. Uweke huu wako."

Aristide alifuta. Mama Cibalonza aliokota beseni lake, akasema "Murakoze", yaani asanteni, kama mtu anayetoka msibani, akaenda zake.

Ijumaa mwenye basi alijibiwa hapana. Mabenchi yakajaa tena, kelele zikanirudia ukutani, na mimi nikashukuru Mungu huku nikilalamika. Nilidhani mambo yameisha hapo.

Siku moja, mchana wa jua kali, sale ikiwa tupu, nikasikia mlio wa upanga, kisha kishindo cha mtu kuanguka. Kimya kidogo. Kisha upanga tena, na kishindo. Iliendelea hivyo mpaka uzi ukanikatikia. Nikafunua pazia kwenda kumgombeza.

Swedi alikuwa peke yake mbele ya kioo. Msafiri wake alikuwa amesimama juu ya afisa mmoja wa jeshi la mchezo, mtu ambaye hadithi haiwezi kwenda bila yeye. Katika mchezo mpya watu wa namna hiyo hawafi. Ukiwapiga wanaanguka, wanalala kidogo, halafu wanainuka, wanakung'uta magoti na kuendelea kuongea. Uso wa Swedi haukuwa na hasira hata chembe. Alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo.

"Kaka Swedi," nikasema, "si ulisema ule wa zamani ndio bora?"

"Ndio bora. Ule hausemi uongo." Hakugeuka. "Lakini mimi nimechoka tangu siku ile ya Kabezi, dada Raisa."

Pazia lilitia giza chumbani, nikataka kuwasha taa. Akaninyooshea mkono wa kunizuia.

"Ngojea kidogo," akasema. "Anaamuka sasa hivi."