Niliwaambia wanafunzi wang'oe mpaka wa watu kule Mabawe

Wakuu, salaam. Hili nililiona kwa macho yangu na kosa kubwa ni langu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Nyantakara, Biharamulo. Shule niliishia form two, tangu hapo nazunguka tu na kazi. Mwaka jana nilikuwa kibarua, tunajenga vyoo vya sekondari moja Mabawe, Ngara.

Darasa la jirani lilikuwa na klabu ya amani. Nachanganya zege huku nasikiliza dirishani. Walifundishwa kwamba watu wakigombana, kila mmoja kwanza arudie alichosema mwenzake, mwenzake akubali kuwa ndivyo, ndipo ajibu.

Niliona ni njia nzuri ya kugombana kutwa nzima.

Ijumaa moja mwalimu wa klabu aliitwa Ngara mjini. Akaniomba nisimamie wanafunzi wake wakamsafishie shamba Bibi Skola, mjane anayeishi peke yake. Nikajisikia mwalimu.

Bibi alikuwa ndani anatupikia uji. Pembeni mwa kahawa zake kulikuwa na mstari wa mimea ya majani marefu. Hailiwi, haizai. Nikasema ng'oeni.

Wanafunzi wakatazamana. Nikarudia kwa sauti.

Mimea tukaitupa shimo la taka, tukafukia mashimo, tukapiga reki, pakapendeza.

(Kwetu mpaka ni mkonge. Sikujua kwamba kule mimea ile ndiyo mpaka.)

Jirani, Mzee Gervas, akatokea na panga. Akauliza nani kafanya hivi. Nikawatazama wanafunzi. Hapo naandika kwa aibu.

Bibi akatoka, akamvaa mzee. "Umewatuma wewe, mwizi. Unataka kahawa yangu."

Mzee akasema basi anaikata yote, tuone itakuwa ya nani.

Msichana mmoja, Jenista, akasimama mbele ya kahawa. "Shikamoo babu. Kabla hujakata, bibi amesema nini?"

"Marahaba. Amesema mimi mwizi."

"Bibi, ndivyo?"

"Ndivyo. Amesikia vizuri."

"Na babu amesema nini?"

"Anakata kahawa yangu. Si umemsikia? Au masikio umeacha shuleni?"

Wakaendelea hivyo mpaka uji ukapoa. Panga lilikuwa limeshashuka lenyewe.

Ndipo bibi akasema, "Tangu tumzike mume wangu huyu hajanisalimia. Jirani asiyekusalimia anasubiri uondoke."

Zamu ya mzee kurudia. Alianza mara mbili akaishia njiani.

"Anasema tangu tumzike mume wake sijamsalimia."

Akalaza panga chini.

"Hiyo ni kweli."

Jenista akanigeukia. "Na wewe kaka, ulisema nini?"

Nikajibu, "Nilisema ng'oeni."

Mzee alinisogelea. Akaniambia nikalete ile mimea kutoka shimo la taka.

Tukapanda upya. Mzee anashika mche, bibi anaonyesha mahali. Kwenye kahawa ya tatu mstari ukapinda. Wote wawili wakasema hapo ulikuwa umepinda tangu zamani.

Mpaka naondoka Mabawe, mzee akipita alikuwa anasalimia. Bibi alikuwa anaitikia huku ametazama pembeni, lakini anaitikia.

Nilichojifunza: ukienda kumsaidia mtu, muulize kwanza kabla hujagusa kitu. Na ile njia ya klabu inachosha kweli, ila kushika panga juu kunachosha zaidi.

Uwanja ni wenu wakuu. Anayetaka kunitukana ruksa, ila aanze kwa kurudia nilichosema.