Kifuniko cha Mtungi

Mama wa maziwa huja kwetu Minjila kila asubuhi kutoka kijiji cha wafugaji wa Kiorma, mtungi wa manjano mgongoni, na kabla ya kupiga hodi hujipangusa vumbi miguuni kwa ncha ya shuka. Vidole vyake ni virefu, vina hina iliyofifia, na maziwa yake hunukia moshi anaoufukizia mtungi. Miaka ya kawaida humimina tu huku akiniuliza habari za migomba yangu. Mwaka wa kura ni tofauti. Kuna uchaguzi mmoja zilivuma habari kwamba maziwa ya wafugaji yametiwa sumu, nasi Wapokomo tukanywa chai ya rangi miezi mitatu. Tangu hapo, kampeni zikianza, hujimiminia kwanza kifunikoni, akanywa mbele yangu, akangoja kidogo, ndipo akanipimia. Uchaguzi ambao kiti cha ubunge kilikwenda kwao alikunywa hivyo. Kilipokuja kwetu, vilevile. Sijawahi kumwomba.

Jana magari ya kampeni yalipita hapa mara tatu, na watu wakaanza kufunga milango mapema. Leo mama amekuja, akamimina moja kwa moja kwenye sufuria yangu. Nikabaki nimeishika, siendi jikoni. Macho yangu yalikwenda kwenye kile kifuniko, naye akayaona.

“Mama Silas,” akaniambia taratibu, “mimi nilidhani sisi wawili tumeshamaliza hayo.”

Kisha akaipokea sufuria kwa mikono miwili, akanywa.