Bidoni Moja, Pikipiki Mbili

Pikipiki mpya ya shemeji yangu ni bora kuliko yangu. Naliandika hilo mapema, nisije nikaambiwa nina wivu.

Zote mbili zina ukubwa mmoja, cc mia mbili na hamsini. Yake inawaka kwa kubonyeza kitufe. Yangu naipiga kiki mpaka mtaa mzima wa Rumonge unajua natoka. Breki zake zinashika hata kwenye mvua; zangu zinataka taarifa mapema. Yake inakunywa esansi, yaani petroli, kidogo, na hilo si jambo dogo katika mji ambao watu huacha sahani mezani wakisikia lori la esansi limefika. Ukienda nayo Bujumbura unashuka na mgongo wako wote. Yangu hutetemeka kiasi kwamba hata baada ya safari, nikishika kikombe cha chai, mikono inaendelea kuendesha.

Hata hivyo nilikataa kuiuza. Kwa kuwa nilisoma chuo kikuu, sikukataa tu, nilitoa hoja. Mke wangu alizisikiliza zote huku akichambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kisha akatoa hukumu.

"Baba watoto, Jumamosi tunaenda Nyanza-Lac kumuombea mdogo wangu mke. Tutaenda na hiyo yako. Ikitufikisha, ikae. Isipotufikisha, yule mfanyabiashara wa mawese wa Gatete anayeitaka ataichukua."

Mdogo wake ndiye huyo shemeji mwenye pikipiki mpya, na mimi nilikuwa nimechaguliwa msemaji wa familia. Ndugu wengine walitangulia kwa basi. Bwana harusi alitaka aonekane akiingia na chombo chake.

Asubuhi hiyo kituo cha mafuta kilikuwa kikavu, lakini stoo nilikuwa na bidoni moja, dumu la esansi. Kwetu bidoni ya njano ina maisha mengi: leo mawese, kesho maji, keshokutwa esansi. Hii niliisuuza mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni. Aliyewahi kusuuza mawese anajua kwamba hayatoki, yanajificha tu. Nilijua hivyo pia. Nikagawa bidoni ile nusu kwa nusu katika matangi mawili, nikajisifu kwa ukarimu.

Tulipoupita msitu wa Kigwena, yangu ikakohoa, ikazima. Shemeji akageuka, akasimama kando yetu bila kushuka.

"Pole, shemeji. Nimpigie mtu wa Gatete?"

"Mpigie na babu yake."

Akacheka, akaondoka. Hakufika kona. Yake nayo ikazima, taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka mbele yake. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akampigia fundi wake Bujumbura, na sauti ya fundi nikaisikia mpaka nilipokaa: "Hiyo iko na sindano ya umeme ya kupuliza esansi, usifungue kitu! Ilete hapa kwenye kompyuta."

"Niilete na nini?"

Mimi wakati huo nilikuwa chini kwenye lami, nimefunga koki ya tangi, nimefungua kikombe cha kabureta. Ndani mlikuwa na uji mwekundu. Mimi si fundi. Pikipiki kuukuu humfundisha mwenyewe jambo moja moja, kwa nguvu, kando ya barabara. Mke wangu akanipa kitenge alichojifunika kuzuia vumbi. Nikafuta, nikapuliza kitundu kwa mdomo mpaka nikaonja mawese na esansi pamoja. Nikapiga kiki. Ikawaka, kwa kelele na moshi, kama mtu aliyetukanwa.

Ile mpya tuliisukuma tukaiacha katika nyumba moja iliyo jirani na barabara. Shemeji akapanda nyuma kabisa, suti na yote, akabebwa kama bidoni.

"Umenitilia sumu," alinipazia sauti juu ya bega la dada yake.

"Tulikunywa chungu kimoja."

Njiani ikaziba tena. Nikaifungua tena.

Tulifika wenyeji wamechoka kungoja. Msemaji wao, mzee mwenye kofia safi, alisimama. Kwa desturi yetu msemaji asiye na jibu huiangusha familia yake.

"Amahoro, amani kwenu. Tuliambiwa mnakuja kuomba mke. Mbona mnanuka mawese? Au mmekuja kuuza?"

Watu wakacheka. Nilikuwa nimeandaa methali nzuri nzuri. Nikatazama shati langu lililogeuka jekundu kwa mawese, nikaziacha.

"Murakoze, asante, mzee wetu. Huyu kijana ameacha pikipiki mpya Kigwena, akapanda kuukuu akiwa wa tatu, ili asimkose binti yenu. Mnaye mwingine wa namna hiyo?"

Vigelegele vikapigwa. Mzee akakaa, akaagiza tuletewe vinywaji.

Simu yangu ikalia mkobani kwa mke wangu, akaipokea. Alikuwa mtu wa Gatete.

"Allo? Ndiyo, tumefika... Hapana, si vizuri. Imezima mara mbili, na kitenge changu kimekwisha." Akasikiliza kidogo, akaniangalia mimi na shati langu. "Haiuzwi, baba. Nilisema ikitufikisha, ikae. Basi imetufikisha."

Akakata simu, akanitupia kile kitenge nikakifue.