Roshani Tuliyoibomoa Biharwe

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia masikio yananiwaka moto, na papo hapo najikuta nacheka kwa furaha. Juma hili unaanza kazi katika kampuni yetu, na shati umeshalipiga pasi mara tatu. Weka pasi chini kidogo, unisikilize.

Unazijua zile nyumba za kifahari kwenye mteremko wa Biharwe, zenye vioo kutoka sakafuni hadi darini? Watu hudhani zilianzishwa na tajiri fulani wa mjini. La! Zilianzia kijiji cha Misiera, huku huku kambini Nakivale, katika kibanda cha mabati ambamo Dada Nabintu, mkimbizi kutoka Kivu Kusini kama mimi, alikuwa akiuza milango na madirisha. Mzee Yeremia, mwashi aliyejenga makanisa kule nyumbani kabla ya vita, ndiye aliyekwenda kwa wateja kuipachika. Mimi nilimchanganyia saruji. Tukapachika milango, tukaanza kujenga kuta, kisha nyumba nzima. Mtu mmoja wa mjini Mbarara akatuita, akamwambia jirani yake, na jirani naye akatuita. Mwisho mwenye shamba mmoja wa Biharwe akaja kwa Dada Nabintu akasema: ardhi yangu, kazi yenu, tujenge nyumba ambazo mji huu haujaziona.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikafanywa kapita, msimamizi wa mafundi wote. Ah, mwanangu! Nilitembea kama mtu aliyeumba ule mlima.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na roshani pana ya zege, imejitokeza mbele bila nguzo, ukisimama pale unaiona barabara kuu ya Masaka na vilima vyote nyuma yake. Wateja walialikwa kuja kuitazama Jumamosi. Siku chache kabla, Mzee Yeremia alirudi Nakivale kwa mazishi ya mtu wa kanisa lao. Aliniacha na neno moja tu: miti inayoshikilia roshani isiguswe mpaka arudi.

Ijumaa nikaiondoa yote. Sikutumwa na mtu. Niliona ile miti inaharibu sura ya nyumba, nami nilitaka wageni waione roshani ikielea hewani, waulize kapita wa hapa ni nani. Nikapanga vyungu vya maua ukingoni, nikarudi nyuma kutazama, moyo ukanidunda kwa raha.

Jumamosi wageni walifika na watoto wao, wamevaa vizuri. Kumi na zaidi wakapanda juu, wakawa wanapiga picha. Hapo ndipo Mzee Yeremia alipoteremka kwenye pikipiki, begi begani. Akatazama juu. Hakupiga kelele. Akapanda ngazi, akawasalimia mmoja mmoja akitabasamu, akasema, "Karibuni chini, bustani ni nzuri zaidi." Akawashusha wote, mtoto wa mwisho akiwa amembeba mwenyewe.

Kisha akanishika mkono, akanipeleka chini ya roshani. Ukingo ulikuwa umeinama upana wa kidole, na ufa umepita pale roshani inaposhikana na ukuta.

"Nani alitosha miti?"

"Ni mimi niliyeiondoa, Mzee."

"Betoni ya roshani haiyakomaa, na wewe unajua. Ulikuwa unatafuta nini?"

Akainua macho akavitazama vyungu vyangu vya maua kule ukingoni.

"Ulitaka bakusifu," alisema polepole. "Sasa angalia bale batoto. Enda ubaambie wageni wewe mwenyewe, na kinywa yako."

Mwanangu, kutoka pale hadi bustanini ni hatua ishirini, lakini sijapata kutembea safari ndefu kama ile, hata tulipokimbia kwetu kwa miguu. Nikasimama mbele yao. Nikawaambia kwamba niliondoa miti kabla ya wakati, kwamba roshani imepasuka, kwamba nimewasimamisha wao na watoto wao mahali pa hatari. Mama mmoja akamkumbatia mwanawe, akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Wengine wakaelekea kwenye magari yao.

Nilimtazama Dada Nabintu, aliyekuwa bustanini akiwakaribisha wageni, nikijua kazi yangu imekwisha, na pengine ndoto yake pia. Akavua viatu vyake vya sherehe, akasema, "Rudisheni miti leo. Jumatatu tunabomoa. Mwenye kutaka kuona, aje."

Jumatatu ikafika, nami nikapewa nyundo ya kwanza. Tukabomoa kutwa. Mchana akaja mfanyabiashara wa maziwa kutoka Bwizibwera, aliyekuwapo Jumamosi na mabinti zake wawili. Akasimama pale na suti yake, vumbi likimwangukia. Mwisho akamwita Dada Nabintu.

"Mimi naona nyumba mingi Mbarara. Watu napaka rangi juu ya ufa. Nyinyi nabomoa! Mimi nataka nyumba hapa. Na huyu kijana, yeye najenga yangu."

Nilikaa chini kwenye kifusi nikalia, na Mzee Yeremia akanicheka mpaka akakohoa! Nyumba ya mtu wa maziwa ikaleta ya shemeji yake, nayo ikaleta nyingine tatu. Kabla mvua hazijarudi mteremko mzima ulikuwa wetu. Leo tuna ofisi Mbarara, na mafundi waliojifunzia hapa hapa Nakivale, na mwezi huu tunachimba msingi wa jengo la ghorofa nane! Hata mimi, pamoja na mvi hizi, nina hamu kama yako.

Kwa hiyo furahi, mwanangu, usiionee haya furaha yako. Lakini utakapotamani kusifiwa, kumbuka kuna watu watakaosimama juu ya kazi yako na watoto wao. Ukiambiwa subiri, subiri. Na ukikosea, usingoje mwingine aseme. Nenda ukaseme mwenyewe, mapema, kwa waliohusika.

Mungu aliyetuvusha mipaka na kutupa pa kukaa aimarishe mikono yako, akupe wakubwa wenye ukweli, na kila mlango utakaoupachika ufunguliwe na watu wenye amani. Haya, kamalizie shati lako.