Namba Nyuma ya Mlango wa Kabati

Fundi Kufuli hakuwa mtu wa kuamini upesi. Kazi yake ilikuwa kuwafungulia milango watu waliopoteza funguo, nayo ilimfundisha kwamba hakuna kufuli lisilo na ufunguo wa pili, na huo wa pili huwa mfukoni mwa usiyemdhania. Mkewe akichelewa kurudi, alitazama kwanza viatu vyake vina vumbi la njia ipi.

Basi siku alipofungua kabati la vyombo kutafuta kikombe, akakuta nyuma ya mlango pameandikwa kwa chaki ya kushonea: 410338673. Mwandiko ni wa mkewe. Sifuri ya mbele aliiongeza mwenyewe, maana aliamini imefichwa makusudi. Akatoka uani, akapiga simu.

"Nani mwenzangu?" ikauliza sauti nzito ya kiume.

Akakata, akaingia chumba cha mbele. Mkewe alikuwa anashona sare za shule.

"Mama watoto, ile namba kabatini ni ya nani?"

"Ya cherehani. Imegongwa chini, kwenye bati."

"Cherehani lina sauti ya kiume?"

Mguu wa mkewe ukasita kwenye pedali. "Ina maana umeipigia?"

Fundi akaliinamisha cherehani. Namba ilikuwepo kweli. Lakini mwongo hodari huanza na ukweli. "Na kabatini imefuata nini?"

"Naichambua. Tangu shule nikiona namba ndefu situlii. Hii ni witiri, mbili haiingii. Jumlisha tarakimu zake, thelathini na tano, basi tatu nayo haiingii. Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, zote zimegoma. Nadhani ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Hakuna kufuli la hivyo." Akachukua chaki. "Ikiingia namba yoyote, leo utanitajia huyo bwana."

"Haya, mume wangu. Usisahau kubeba akiba."

Akaanzia pale mkewe alipoachia, kumi na saba. Akagawanya taratibu, jasho likimtoka puani. Hakikubaki kitu.

"Uongo wako huo hapo."

Mkewe alishasimama begani kwake, wala hakuonekana kusikia. "Kumbe niliacha mapema. Hebu gawanya tena kwa ileile."

Ikaingia tena. Na tena. Namba ikapungua mpaka 4913, ikawa 289, ikawa kumi na saba yenyewe, mwisho ikabaki moja. Kumi na saba imeingia mara saba, na ndani hamna kigawo kingine. Fundi akajaribu kumi na tisa kwa namba ya mwanzo, kwa ubishi tu. Ikagoma.

"Ufunguo mmoja," akasema polepole.

"Mmoja, baba watoto."

Simu yake ikaita. Ilikuwa namba ileile. Mkewe akarudi kwenye kiti. "Pokea. Wewe ndiye uliyemtafuta."

Akapokea. Safari hii alikuwa mwanamke. "Wewe unayempigia mume wangu halafu unakata, umetumwa na nani?"

"Dada, samahani. Niliona ni simu, kumbe ni namba ya cherehani."

"Ya cherehani," akarudia yule mwanamke. "Haya. Na hilo cherehani ni la nani?"